Mfadhili Akiondoka, Mwalimu Atalipwa na Nani?

 

Ndugu wasomaji, tangu alipofariki Karim Aga Khan mwezi wa Februari 2025, nimesikia katika mabaraza yetu maneno mengi juu ya misaada iliyotoka katika mashirika yake ikaingia mitaani kwetu. Wako wanaosifu mpaka wakapita kiasi, na wako wanaobeua midomo kana kwamba hawakupata hata senti moja, ilhali wana wao walisomea hapo hapo. Mimi leo sitaki kusifu mtu wala kubeza mtu. Nataka tuitazame kazi moja tu, nayo ni ile ya kutia chekechea ndani ya madrasa zetu, iliyoanza Mombasa mwaka 1986. Tuitazame kama mwalimu asahihishavyo daftari la mwanafunzi wake: palipo sawa patiwe alama, na palipo na kosa patiwe mstari.

Nimeichagua kazi hii kwa sababu mbili. Kwanza, imefanyika katika mitaa tunayoijua na kwa majina ya madrasa zetu wenyewe. Pili, miaka kama arubaini imepita tangu ianze, na muda huo watosha kuonyesha msaada ulipofika na ulipokwama.

Wenye umri wangu wakumbuka hali ilivyokuwa. Mtoto wa pwani alikuwa akianza kwa kupelekwa chuoni, akasoma juzuu zake, na alipokuja kuingizwa skuli darasa la kwanza alimkuta mwenzake aliyepita nasari: ajua kushika kalamu, ajua kuhesabu, ajua na vineno viwili vitatu vya Kiingereza. Nasari zenyewe zilikuwa chache, na nyingi zao zilikuwa za makanisa au za watu binafsi wenye ada kubwa. Wazazi wengi wakaona afadhali mtoto achelewe skuli kuliko achelewe dini. Matokeo yake mwayajua. Mtoto mwenye akili njema, aliyehifadhi sura nyingi kwa kichwa, aliketi nyuma ya darasa akidhaniwa mzito.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Mkoa wa Pwani walimwomba Aga Khan awasaidie katika jambo hili. Shirika lake, Aga Khan Foundation, lililoundwa mwaka 1967, lilianza kwa kutazama na kuuliza, na ikaonekana kwamba mlango ambao wazazi wameshauamini ni mlango wa madrasa. Basi mwalimu wa kike wa papa hapa Mombasa, Bi Swafiya Said, akaanza kazi ya kuwafundisha walimu wa chekechea katika madrasa za mjini. Unguja ilifuata mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Kufikia katikati ya miaka ya 2000, vyuo vya namna hii vilikuwa vimepita 200 katika nchi hizi tatu.

Hapa yanipasa nisimame kidogo, kwani najua kuna msomaji anayeuliza moyoni: "Sheikh, hawa si Ismailia? Sisi na wao wapi na wapi?" Jawabu langu ni fupi. Kupokea msaada kwa mtu mnayehitilafiana naye katika madhehebu si haramu maadamu sharti lake haligusi dini yako. Bwana Mtume (S.A.W.) katika Hijra yake alimkodi Abdullahi bin Urayqit awe kiongozi wa njia, na mtu yule hakuwa Mwislamu, akamwamini kwa ngamia na kwa roho yake. Na katika vyuo hivi mtoto alibaki akisomeshwa dua zake, sura zake fupi na adabu za nyumba yetu. Walioogopa kwamba watoto watabadilishwa itikadi, na waje watuonyeshe mmoja aliyebadilishwa. Maneno mengine yote katika mlango huu ni uvivu wa kutoa uliovishwa joho la ucha Mungu.

Sasa tutazame palipo sawa.

La kwanza ni kwamba kazi hii ilianza kwa kuombwa. Mara nyingi tumeona mfadhili aja na mfuko wake na jambo lake mkononi, kisha atafuta mtaa wa kulivisha jambo hilo. Akija na habari ya miti, watu wote wa mtaa watakuwa wapanda miti. Mwaka wa pili akija na habari ya kompyuta, miti yaachwa ikauke. Hapa wazee walijua ugonjwa wao kabla ya kwenda kwa tabibu.

La pili ni kwamba mtaa ulitakiwa utoe kwanza. Kabla ya mradi kuingia, watu wa mtaa walikuwa na kamati yao, na mahali pa kusomeshea, na walimu waliowachagua wenyewe, mara nyingi binti wa mtaa ule ule ambaye hakupata masomo makubwa. Kisha ukatiwa sahihi mkataba: mradi utafundisha walimu na kamati, utatoa msaada mdogo wa kutengeneza jengo na vifaa, na mtaa utalipa walimu na kuendesha chuo. Kamati zilifundishwa kuweka daftari la hesabu. Na wanawake walikalishwa ndani ya kamati, jambo ambalo katika baadhi ya mitaa yetu lilizusha manung'uniko, lakini yalinyamaza pale wanaume walipogundua kwamba hesabu zimenyooka.

La tatu nalipenda kuliko yote, nalo ni vifaa. Ukiingia katika chumba cha watoto wale hukuti midoli ya ng'ambo. Wakuta vifuu vya nazi vilivyosuguliwa vikang'aa, kokwa za mabuyu za kuhesabia, vizibo vya chupa vilivyoandikwa herufi za Kiarabu upande mmoja na herufi za skuli upande wa pili, vitambaa vya kanga vilivyokatwa pembe tatu na pembe nne. Watoto wamegawanyika pembe za chumba: huku wanajenga, huku wanapika mapishi ya uongo, huku mmoja ameketi na kitabu hata kama amekishika juu chini. Mwalimu azunguka, auliza, angoja jibu. Sisi tuliosomeshwa kwa bakora na kwa kurudia neno mpaka koo likauke, twaweza kucheka tukiona mambo hayo. Mimi nilicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu nilimsikia mtoto wa miaka mitano akimweleza mwenzake kwa nini kifuu kikubwa hakiingii ndani ya kidogo, akaeleza kwa hoja, akamaliza kwa kusema insha-Allah atamwonyesha tena kesho. Nikajua kwamba pale pana elimu.

Na hili si neno langu peke yangu. Mwaka 2008 Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha uchunguzi wao uliowapima watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda, wakiwalinganisha waliosoma chekechea za madrasa, waliosoma chekechea nyingine, na waliobaki nyumbani. Watoto waliopita chekechea yoyote waliendelea kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa madrasa waliendelea zaidi. Mwanamke wa mtaani, mwenye vifuu vyake na mkeka wake, akiwa amefundishwa vyema, alifanya kazi iliyopita ya wengine. Hilo ni jambo la kujivunia, na katika mabaraza yetu sijapata kulisikia likitajwa hata mara moja.

Basi kosa liko wapi?

Liko katika muda, na katika mshahara wa mwalimu. Mradi ulikuwa ukiukamata mkono wa chuo kiasi cha miaka miwili hivi, na kikishafikia daraja iliyotakiwa, chuo "huhitimu". Nimelifikiri sana neno hili. Mtoto huhitimu msahafu, kwa kuwa alichokihifadhi yu nacho kifuani. Chuo kihitimu nini? Jengo halihifadhi kitu. Kila Januari waja watoto wapya, kila mwezi mwalimu ataka kula, na paa la makuti lavuja mvua ya masika kama lilivyovuja kabla ya kuhitimu. Ni kweli kwamba mradi haukuwatupa mkono waliohitimu. Palikuwa na kuzurwa, na baadaye yakaundwa majumuiya ya vyuo vilivyohitimu ili visaidiane. Lakini kuzurwa hakununui unga.

Mwalimu alilipwa kwa nini? Kwa ada za wazazi. Na wazazi wa mitaa hiyo ni nani? Ni mvuvi ambaye kusi ikivuma kwa nguvu hatoki, ni hamali wa bandarini ambaye kazi yake yategemea meli, ni mama muuza mahamri na mbaazi. Hawa hulipa mwezi huu na kukosa mwezi ujao, na kamati ya watu wenye huruma haiwezi kumfukuza mtoto wa jirani. Basi anayebeba deni la wote ni mwalimu. Asubuhi aja, asomesha, jioni arudi nyumbani na nusu ya mshahara au na ahadi.

Kisha mwaka 2003 serikali ya Kenya ikafuta ada katika skuli za msingi. Jambo la kheri kubwa, hapana shaka. Lakini chekechea haikuingizwa katika neema hiyo, na mzazi maskini akafanya hesabu yake: kwa nini nimlipie mdogo ilhali mkubwa asoma bure? Wengine wakawangoja watoto wafike umri wa darasa la kwanza. Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi elimu ya chekechea kwa serikali za kaunti, na baadhi ya walimu wetu, wenye mafunzo yao mazuri, wakaenda kutafuta ajira huko au katika skuli za watu binafsi. Nani awalaumu? Mtaa ulimfundishia mwalimu kwa fedha za mfadhili, ukashindwa kumweka kwa fedha zake.

Nataka niwe mwadilifu. Wenye mradi waliliona kosa hili wao wenyewe kabla yetu sisi tulioketi barazani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walianzisha jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililokuwa bora kabisa katika kazi yao yote, nalo ndilo lililosemwa kwa uchache zaidi. Kila mtaa uliohitimu ulishawishiwa uchange fedha, na mradi ukaongeza fedha zake juu ya mchango ule, kisha mitaji ya vyuo vingi ikakusanywa pamoja ikawekezwa, na pato lake likawa larudi kwa kila chuo kwa vipindi ili lisaidie kulipa walimu na matengenezo. Asili ya fedha haiguswi, yaliwa mazao yake tu.

Ndugu msomaji, hebu isome sentensi hiyo ya mwisho mara ya pili. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi kule Khaybar, akaja kumtaka ushauri Bwana Mtume (S.A.W.), alielekezwa aizuie asili yake na ayatoe mazao yake. Ardhi ile haikuuzwa, haikutolewa zawadi, haikurithiwa. Mazao yake yalikwenda kwa mafakiri, jamaa, wasafiri na wengineo, na msimamizi akaruhusiwa kula kwa kiasi cha wema. Huo ni wakfu. Wataalamu wa mradi walikwenda mbali kulitafuta jambo ambalo lilikuwa limelala katika vitabu vya rafu zetu wenyewe, tukalipokea kutoka kwao kana kwamba ni kitu kigeni. Wala siwalaumu wao kwa hilo.

Lakini na wakfu huu mdogo una mistari yangu mitatu.

Mstari wa kwanza: mtaji ulikuwa mchache mno. Pato lililotoka lilikuwa msaada wa juu juu, halikuwa mshahara. Na fedha taslimu ina adui yake, kwani shilingi ya mwaka 2000 hainunui leo kile ilichokinunua siku ile, ilhali nyumba au duka kodi yake hupanda pamoja na bei za sokoni. Wazee wetu waliokuwa wakiweka wakfu walitoa shamba la minazi, kisima, nyumba, chumba cha duka, na katika hilo walikuwa na akili kuliko inavyodhaniwa.

Mstari wa pili ni wa fikihi. Fedha ya chuo cha Kurani ikiwekezwa, ni wajibu wa kamati kujua imewekezwa wapi. Ikiwa imo katika hati za mkopo za serikali zenye riba, au katika hisa za kiwanda cha pombe, basi mwalimu anayemfundisha mtoto Bismillahi alipwa kwa kitu ambacho Bismillahi haisomwi juu yake. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nasema kamati nilizozungumza nazo hazikujua, na katika mali ya amana kutojua si udhuru wa kutosha. Leo ziko benki na njia za kuwekeza kwa sharia hapa Kenya na Tanzania ambazo wakati ule hazikuwako, basi swali hilo lina jawabu.

Mstari wa tatu wahusu hati. Kwa nini hati? Kwa sababu fedha isiyofungwa kwa sharti huenda na upepo wa zama. Tazameni Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyojulikana kwa herufi zake MIOME. Iliasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na kufungua milango mwanzoni mwa miaka ya 1950, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki wapate ufundi. Walitoa fedha Sultani wa Zanzibar, Aga Khan wa wakati huo, na jamaa wa Kibohora, na serikali ya kikoloni ikatoa fungu lake. Mwaka 1966 ikawa taasisi ya ufundi ya watu wote, mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Sina kinyongo na chuo kikuu hicho; kimesomesha wana wa nchi wa kila dini, na kufungua mlango wa elimu ni kheri. Lakini kijana wa leo apitae chini ya majengo yale ya matao na kuba hajui kwamba yaliwahi kujengwa kwa ajili ya babu yake. Fedha zikichanganyika na za serikali, pasiwe na hati ya wakfu iliyoandikwa waziwazi, sharti la mtoaji hufa pamoja naye.

Na sasa, kwa ruhusa yenu, niugeuze mwiko upande wetu, kwani si insafu kumkosoa mgeni aliyetusaidia kupika na kuwaacha wenye jikoni.

Katika mtaa mmoja wa mjini, ambao sitautaja wala sitamtaja mfadhili wake, nilialikwa siku ya kufunga mwaka wa mradi mwingine, usiokuwa huu wa chekechea. Palitundikwa kitambaa kikubwa chenye jina la mfadhili, herufi zake kubwa kuliko za jina la madrasa. Mweka hazina akasimama na taarifa iliyochapishwa vizuri, yenye picha za rangi, akaisoma kurasa mbili kwa Kiingereza kwa kuwa mgeni alikuwapo. Makofi yakapigwa. Bibi mmoja mwenye buibui kuukuu, ambaye wajukuu wake wawili wasoma pale, akanyanyua mkono. Akasema, "Mwanangu, mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Fedha ya paa ilikuwa ngapi?" Mweka hazina akapekua. Akapekua tena. Akasema, "Bibi, hiyo imo ndani ya jumla." Bibi akauliza, "Na jumla imo ndani ya nini?" Watu wakacheka, mgeni naye akacheka kwa kuwaona wengine wanacheka, na mkutano ukaendelea na soda. Paa lilikuwa lavuja juu ya vichwa vyetu.

Mweka hazina yule hakuwa mwizi. Namjua, ni kijana wa watu, na hesabu zile zilikuwa kamili. Ubaya ni kwamba ziliandikwa kwa ajili ya mtu aliyeketi mbali, kwa lugha yake na kwa mpango wake, na mtaa ukawa ni mandhari ya picha. Kamati iliyozoea hivyo hujifunza kumwogopa mfadhili kuliko kumwogopa jirani. Hujua kuandika taarifa ikasahau kubisha hodi. Na siku mfadhili akiondoka, kamati huenda kwa watu wa mtaa kuomba mchango, na watu huuliza, na ni haki yao kuuliza, "Mbona zilipokuwapo hamkutwambia?"

Tena tuseme kweli juu ya wakfu zetu za kale. Tunao usemi wa kusifu mambo ya zamani, lakini ni nyumba ngapi za wakfu mijini mwetu zilizopangishwa kwa kodi ya senti kwa jamaa wa msimamizi, na msikiti unaomiliki nyumba hizo ukachangisha fedha ya balbu? Ni mashamba mangapi ambayo mipaka yake ilihama usiku? Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametuamrisha tuandike deni hata likiwa dogo, na tuweke mashahidi, itakuwaje mali ya watoto na mayatima? Kwa hiyo nisieleweke kwamba neno "wakfu" likitamkwa tu mambo yanyooka. Msimamizi wa wakfu asiyesoma hesabu barazani na mweka hazina asiyejua bei ya paa ni mtu na ndugu yake.

Na matajiri wetu nao wana fungu lao. Haupiti Ramadhani bila kusikia msikiti fulani umebadilishwa mazulia ambayo hayajachakaa, umetiwa marumaru juu ya marumaru na mashine za kupoza hewa. Anayetoa apenda jina lake lisomwe baada ya Tarawehe. Mtaani hapo hapo, hatua hamsini kutoka mihrabu, yuko mwalimu wa kike aliyewafundisha watoto themanini kutawadha na kusali, hajalipwa tangu Shaabani. Mfadhili wa mbali alimwona mwanamke huyu kabla yetu. Hilo ndilo linalonichoma, si madhehebu ya aliyemwona.

Mtu ataniuliza, "Sisi ni maskini, tutaweka wakfu kwa nini?" Tufanye hesabu ya mfano. Mtaa wa nyumba 200, kila nyumba itoe shilingi 100 za Kenya kwa mwezi, ambazo ni bei ya vikombe vichache vya chai mgahawani. Kwa mwezi ni shilingi 20,000, kwa mwaka 240,000, na kwa miaka mitano 1,200,000. Hazinunui duka la barabara kuu. Lakini ni mtaji wa kwenda nao kwa tajiri wa mtaa na kumwambia, "Maalim, sisi tumefika hapa, nusu iliyobaki ni yako." Tajiri akikuta watu wameshatoa huona haya kukataa. Na mfadhili wa nje akija na msaada wake wa miaka miwili, mtaa waweza kumwambia kwa heshima: sehemu ya fedha hizi na iingie katika asili ya wakfu wetu, hati yetu hii hapa, msimamizi wetu huyu hapa, na hesabu zetu husomwa hadharani. Mfadhili mwenye nia njema atafurahi. Asiyefurahi, yafaa tujue mapema alichokuwa akikitafuta.

Kwa vyuo vilivyopata ule mtaji mdogo wa mradi wa madrasa, kazi yaweza kuanza mwezi huu. Kamati iandike barua iulize mambo matatu: mtaji wetu ni shilingi ngapi leo, umewekezwa katika nini, na pato la miaka mitatu iliyopita lilikuwa ngapi. Jibu likifika, lipelekwe kwa mtu anayejua fikihi ya muamala na kwa mwingine anayejua hesabu. Kisha lisomwe baada ya sala ya Alasiri pale pale madrasani, kwa Kiswahili, wanawake wakiwapo, na mwalimu wa watoto akalishwe mbele aulizwe anadai miezi mingapi.